Satsuma: Mkoa uliomwangusha shogun kisha ukazimwa na serikali uliyoiunda

KABLA ya mapambazuko ya Septemba 24, 1877, wanaume wasiozidi 500 walikuwa wamejichimbia katika mapango na mahandaki ya kilima cha Shiroyama, juu ya mji wa Kagoshima, kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu nchini Japani.

Chini ya kilima hicho walikuwa wamezingirwa na maelfu ya wanajeshi wa serikali. Manowari nazo zilikuwa zimetia nanga katika ghuba, mizinga ikielekezwa kilimani.

Alfajiri mashambulizi yakaanza, na kabla ya jua kupanda juu mambo yalikuwa yamekwisha. Kiongozi wa waasi hao, Saigo Takamori, aliyekuwa na umri wa miaka 49, alipigwa risasi iliyomfanya ashindwe kutembea. Msaidizi wake akamkata kichwa kwa upanga, kama ilivyokuwa ada ya samurai asiyetaka kuangukia mikononi mwa adui angali hai.

Mtu angedhani kwamba huyo alikuwa mhalifu wa kawaida aliyeshindwa nguvu na dola. La hasha. Miaka tisa tu awali, Saigo ndiye aliyeyaongoza majeshi yaliyouangusha utawala wa shogun na kuisimika serikali hiyo iliyomuua. Isitoshe, maafisa wengi waliomzingira walikuwa wenyeji wa mkoa wake, baadhi yao jamaa zake wa damu.

Mkoa huo uliitwa Satsuma. Leo jina hilo halimo katika orodha ya mikoa ya Japani, ila historia ya taifa hilo haiwezi kusimuliwa bila kuutaja.

Japani ya kale iligawanywa katika mikoa kuanzia karne ya saba, watawala wake walipoiga mfumo wa Uchina wa kuhesabu watu, kugawa ardhi na kutoza kodi. Hatimaye mikoa ilitimia 66, pamoja na visiwa viwili vilivyohesabiwa kando. Satsuma ilikuwa nusu ya magharibi ya ncha ya kusini ya Kyushu, na jirani yake wa mashariki, ng'ambo ya ghuba, ulikuwa mkoa wa Osumi.

Wenyeji wa pande hizo waliitwa Hayato, watu wenye desturi zao ambao hawakuona sababu ya kuhesabiwa na mtawala wa mbali. Satsuma ilikatwa kutoka mkoa wa Hyuga mwaka wa 702, baada ya jeshi kutumwa kuwalazimisha kukubali sensa. Mnamo 720 Wahayato walimuua gavana wa Osumi, na vita vilivyofuata vikachukua zaidi ya mwaka mmoja kuzimwa. Baadhi yao walipelekwa mji mkuu kulinda malango ya kasri na kucheza ngoma mbele ya wakuu.

Kwa hivyo, tangu mwanzo wake, mkoa huu ulikuwa wa pembezoni na wenye shingo ngumu.

Mnamo 1185 mtu mmoja kwa jina Tadahisa aliteuliwa kuwa msimamizi wa shamba kubwa la Shimazu, lililoenea katika mikoa ya Satsuma, Osumi na Hyuga. Akalichukua jina la shamba hilo kuwa jina la ukoo wake. Ukoo wa Shimazu uliitawala Satsuma hadi 1871. Ni koo chache mno nchini Japani zilizoweza kushikilia eneo moja kwa karibu miaka 700.

Umbali wa Satsuma kutoka mji mkuu uliifanya iwe karibu na bahari na wageni. Mwaka wa 1543 Wareno wachache waliokuwa ndani ya merikebu ya Kichina walifika katika kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Osumi, wakiwa na bunduki. Bwana wa kisiwa hicho, aliyekuwa chini ya himaya ya Shimazu, akanunua mbili na kumwamuru mhunzi wake azichunguze na kuziiga. Haikupita miaka mingi kabla ya mafundi wa Japani kuanza kuunda bunduki kwa maelfu.

Mnamo Agosti 15, 1549, padre Francis Xavier alitua Kagoshima na kuanza kuhubiri Ukristo, wa kwanza kufanya hivyo nchini humo. Aliongozwa na Anjiro, mwenyeji wa Kagoshima aliyekuwa ameitoroka nchi yake baada ya kuua mtu, na ambaye walikutana Malacca. Huyu ndiye Xavier ambaye mnamo 1542, akitoka Msumbiji kuelekea Goa, alipitia Malindi katika pwani yetu. Bwana wa Satsuma alimkaribisha mwanzoni kwa matumaini ya biashara na Wareno, kisha akapiga marufuku dini hiyo mpya alipoona merikebu hazitii nanga bandarini mwake.

Kufikia miaka ya 1580, ukoo wa Shimazu ulikuwa umeitia mkononi karibu Kyushu yote. Ndoto hiyo ilizimwa mwaka wa 1587 na Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa akiiunganisha Japani kwa upanga. Shimazu wakasalimu amri na kurudishwa kwao kusini.

Hideyoshi alipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, majeshi ya Satsuma yalikuwemo, na yaliporejea yalikuja na mateka, miongoni mwao mafundi wa vyungu. Mafundi hao waliwekwa katika kijiji cha Naeshirogawa, ambako kwa vizazi vingi waliamrishwa kuhifadhi majina na mavazi ya Kikorea. Kazi ya mikono yao ndiyo iliyokuja kusifika Ulaya kwa jina la vyombo vya Satsuma. Mzawa mmoja wa kijiji hicho, Togo Shigenori, alikuwa waziri wa mashauri ya kigeni Japani ilipoingia vitani dhidi ya Marekani mwaka wa 1941, na tena ilipojisalimisha 1945.

Baada ya kifo cha Hideyoshi, mabwana wa Japani waligawanyika pande mbili na kukutana katika uwanja wa Sekigahara, Oktoba 1600. Shimazu Yoshihiro alikuwa upande ulioshindwa, akiwa na watu takriban 1,500. Alipoona wenzake wametawanyika na njia ya nyuma imezibwa, aliamua kukimbilia mbele, akapasua katikati ya jeshi la adui. Waliofika Satsuma pamoja naye walikuwa wachache mno; simulizi huwataja kuwa 80 hivi.

Mshindi wa vita hivyo, Tokugawa Ieyasu, alitwaa ardhi ya mabwana wengi waliompinga. Satsuma aliiacha. Kupeleka jeshi hadi ncha ya nchi, kupigana na watu wa aina hiyo, lilikuwa jambo la gharama kubwa, na mnamo 1602 akawathibitishia Shimazu milki yao. Ieyasu akawa shogun, yaani amiri jeshi mkuu na mtawala halisi wa nchi, ilhali Mfalme Mkuu alibaki Kyoto akiwa na heshima bila mamlaka. Uzao wa Ieyasu ungetawala hadi 1868.

Uamuzi huo wa kuiacha Satsuma nzima, tutakavyoona, uliwagharimu wajukuu wake.

Mfalme aliyetekwa

Kusini mwa Satsuma kuna mlolongo wa visiwa unaoelekea Taiwan. Huko kulikuwa na ufalme wa Ryukyu, taifa la mabaharia na wafanyabiashara lililokuwa likimpelekea Kaizari wa Uchina tunu na kupata kibali cha kufanya biashara.

Mnamo 1609, kwa idhini ya Ieyasu, wanajeshi wapatao 3,000 wa Satsuma waliivamia Ryukyu. Walikuwa na bunduki nyingi na uzoefu wa vita vya Korea; wenyeji hawakuwa na jeshi la kulingana nao. Mfalme Sho Nei alikamatwa, akapelekwa Kagoshima na baadaye kwa shogun, asirudi kwake hadi 1611. Sharti la kuachiliwa lilikuwa kutia sahihi kiapo kwamba Ryukyu ilikuwa chini ya Shimazu tangu jadi, uongo ambao kila aliyekuwepo aliujua. Waziri wake mmoja, maarufu kwa jina la Jana, alikataa kutia sahihi. Akakatwa kichwa.

Visiwa vya kaskazini vya ufalme huo, yaani Amami, vilinyakuliwa na kutawaliwa moja kwa moja na Satsuma. Kwingineko mfalme aliachwa katika kiti chake, na hapo ndipo ujanja wa Shimazu ulipodhihirika.

Uchina haikuwa ikifanya biashara rasmi na Japani. Maadamu Ryukyu ilionekana kuwa huru, merikebu zake ziliendelea kupokelewa katika bandari za Uchina, na faida ikapitia Kagoshima. Kwa hivyo kila wajumbe wa Kaizari walipozuru Ryukyu, maafisa wa Satsuma waliondoka mjini na kujificha kijijini, na wenyeji wakaagizwa wasiwataje. Mchezo huo wa kuigiza uliendelea kwa zaidi ya miaka 250. Yaelekea baadhi ya Wachina waliujua, ila haukuwa na faida kwa yeyote kuusema.

Njia hiyo ya Ryukyu ilileta kitu kingine ambacho msomaji wa hapa nyumbani anakijua barabara. Kiazi kitamu kilitoka Uchina hadi Ryukyu mnamo 1605, na mwaka wa 1705 baharia aitwaye Maeda Riemon akakileta Satsuma. Ardhi ya mkoa huo imefunikwa na majivu ya volkano yasiyoshika maji, na mlima Sakurajima, ulio ng'ambo tu ya mji wa Kagoshima, hutema majivu hadi leo. Mpunga haukupendezwa na udongo huo. Kiazi kilistawi.

Njaa kuu ilipoikumba Japani ya magharibi mwaka wa 1732, sehemu zilizokuwa na viazi zilinusurika vizuri zaidi, na punde shogun mwenyewe akaamuru mmea huo ujaribiwe mashariki. Watu wengi wa Japani hukiita kiazi cha Satsuma. Watu wa Satsuma hukiita kiazi cha Uchina. Kila mmoja humtaja aliyempa.

Mkoa maskini wenye samurai wengi

Katika vitabu vya serikali, milki ya Shimazu ilikadiriwa kuzalisha koku 770,000 za mpunga kwa mwaka. Koku moja ilikuwa lita 180 hivi, kiasi kilichodhaniwa kumtosha mtu mmoja mwaka mzima. Kwa hesabu hiyo ilikuwa ya pili kwa ukubwa miongoni mwa milki za mabwana wa Japani. Hata hivyo, Satsuma ilihesabu mpunga ambao haujakobolewa, na kwa hivyo mchele wenyewe ulikuwa karibu nusu ya idadi hiyo.

Isitoshe, walaji walikuwa wengi. Katika sehemu nyingi za nchi, tabaka la samurai lilikuwa asilimia tano au sita ya watu. Satsuma, mtu mmoja kati ya wanne alikuwa samurai au wa nyumba ya samurai. Wengi hawakuishi kwa posho mjini bali walitawanywa katika zaidi ya vituo 100 mashambani, wakilima kwa mkono mmoja na kushika upanga kwa mwingine.

Aliyeubeba mzigo huo ni mkulima. Ushuru husemekana kufikia sehemu nane kwa kumi za mavuno. Alikuwa akisimamiwa na samurai mlangoni pake, hivyo kuasi hakukuwa rahisi. Hata imani yake ilipekuliwa: madhehebu ya Kibudha ya Shin, yaliyopendwa na wanyonge kwingineko, yalikuwa haramu Satsuma hadi 1876, na waumini walikutana usiku mapangoni.

Shogun naye alikuwa na mbinu zake za kuwapunguza nguvu mabwana wa mbali. Kuanzia 1635 kila bwana alilazimika kuishi mwaka mmoja kwake na mwaka mmoja Edo, mji ambao leo ni Tokyo, huku mkewe na mrithi wake wakibaki huko daima. Safari ya kutoka Kagoshima hadi Edo ilizidi kilomita 1,500, na msafara wa mamia ya watu ulichukua zaidi ya mwezi mmoja barabarani, wakila na kulala kwa gharama ya milki.

Mbinu nyingine ilikuwa kazi za umma. Mwishoni mwa 1753 Satsuma iliamrishwa kujenga kingo za kuzuia mafuriko katika mito ya Kiso, Nagara na Ibi, katikati ya Japani, mahali ambapo haikuwa na shamba hata moja. Karibu watu 1,000 walitumwa. Kazi hiyo iligharimu takriban ryo 400,000, sarafu za dhahabu za wakati huo, na zaidi ya 80 wakafa, wengine kwa maradhi na wengine, kwa mujibu wa masimulizi, kwa kujiua kutokana na manyanyaso ya maafisa wa shogun. Msimamizi wao, Hirata Yukie, alifariki mara tu kazi ilipokaguliwa na kukubaliwa mwaka wa 1755. Inaaminika alijitoa uhai.

Misonobari iliyopandwa na watu hao juu ya tuta la mto ingaliko. Wakazi wa bonde hilo waliwajengea hekalu mnamo 1938.

Deni la miaka 250

Mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya mzigo wa mito, misafara ya Edo na ubadhirifu wa bwana mmoja aliyependa makuu na aliyemwoza binti yake kwa shogun, deni la Satsuma lilitimia ryo milioni tano. Riba ya mwaka ilizidi mapato ya mwaka.

Aliyekabidhiwa balaa hilo ni Zusho Hirosato, mtu wa cheo cha chini aliyeanza kazi kwa kuandaa chai. Mwaka wa 1835 aliwaeleza wafanyabiashara wa Osaka kwamba Satsuma italipa deni lote, bila riba, kwa awamu za ryo 20,000 kila mwaka kwa miaka 250. Yaani malipo ya mwisho yangefanywa mwaka wa 2085. Wadai hawakuwa na jeshi, Satsuma ilikuwa nalo. Malipo yalifanywa kwa miongo michache, kisha milki zilipovunjwa, sehemu kubwa ya deni hilo ikafutiliwa mbali.

Hila hiyo husimuliwa kwa kicheko katika vitabu vingi. Nusu ya pili ya mpango wa Zusho haichekeshi.

Visiwa vya Amami vina joto la kutosha kustawisha miwa, na Osaka ilikuwa tayari kulipa vizuri kwa sukari nyeusi, jamii ya ile tunayoiita sukari guru. Kuanzia 1830 Zusho aliweka ukiritimba kamili. Mashamba ya mpunga yaligeuzwa kuwa ya miwa. Kila chembe ya sukari ilikuwa mali ya milki, na aliyeuza kwa siri aliweza kuuawa. Matumizi ya pesa yalipigwa marufuku visiwani. Mchele, nguo na vyombo vililetwa na merikebu za Satsuma na kubadilishwa kwa sukari, kwa bei iliyopangwa na mwenye merikebu.

Familia zilizoshindwa kutimiza kiwango zilikopa kwa jirani mwenye nacho, na zikishindwa kulipa, mtu alijitoa rehani mwenyewe pamoja na watoto wake. Watumwa hao wa deni waliitwa yanchu. Miwa ilipoumizwa na tufani, watu walikula kokwa za mmea wa porini wenye sumu, ambao sharti uloweshwe na kuanikwa kwa siku kadhaa la sivyo unaua. Mnamo 1864 wanakijiji wa Inutabu, katika kisiwa cha Tokunoshima, waliinuka kwa marungu baada ya mtu mmoja kuteswa kwa tuhuma za kuficha sukari.

Hazina ya Satsuma ilijaa. Zusho mwenyewe alifariki ghafla mwaka wa 1848, baada ya siri za biashara ya magendo kupitia Ryukyu kumfikia shogun. Wengi huamini alikunywa sumu ili kumkinga bwana wake. Hata hivyo akiba aliyoiacha ndiyo iliyofanya yaliyofuata yawezekane.

Mizinga ghubani

Shimazu Nariakira alirithi milki mwaka wa 1851, Uchina ikiwa imekwisha kupigwa na Uingereza katika vita vya kasumba. Aliona kwamba zamu ya Japani ilikuwa njiani. Pembeni mwa ghuba, katika mji wake wa Kagoshima, akajenga karakana alizoziita Shuseikan, zilizofikia kuajiri watu 1,200 hivi. Humo mliyeyushwa chuma, mkaundwa mizinga, vioo, mabomu na merikebu za mtindo wa Ulaya.

Hakuwa na mwalimu wa kigeni. Mafundi wake walifuata kitabu cha Kiholanzi kilichotafsiriwa, na matofali ya kustahimili moto wa tanuri yalitokana na ujuzi wa wafinyanzi wa Satsuma. Nariakira alifariki mwaka wa 1858, lakini vijana aliowainua, Saigo akiwa mmoja wao, walibaki.

Mtihani ulikuja Septemba 1862. Msafara wa Shimazu Hisamitsu, ndugu yake Nariakira, ulikuwa ukirejea kutoka Edo ulipokutana na Waingereza wanne juu ya farasi katika kijiji cha Namamugi. Hawakushuka wala kupisha njia. Walinzi wakachomoa panga na kumuua mfanyabiashara Charles Richardson.

Uingereza ilidai fidia ya pauni 100,000 kutoka kwa shogun na 25,000 kutoka Satsuma, pamoja na kuuawa kwa waliohusika. Shogun alilipa. Satsuma ilikataa. Agosti 15, 1863, siku ile ile ya mwezi aliyotua Xavier karne tatu awali, manowari saba za Uingereza zilishambuliana na ngome za Kagoshima katikati ya tufani. Mamia ya nyumba ziliteketea na Shuseikan ikawa magofu. Waingereza nao walipoteza watu 13, akiwemo nahodha wa manowari yao kuu, wakaondoka bila kutua nchi kavu. Kwenye ngome moja alikuwepo kijana wa miaka 15, Togo Heihachiro, ambaye mwaka wa 1905 angeliangamiza jeshi la majini la Urusi.

Kilichofuata hakikutarajiwa na wengi. Satsuma ililipa pauni 25,000, pesa ilizokopa kwa shogun na ambazo haikumrudishia, kisha ikafanya urafiki na Waingereza na kuwaomba msaada wa kununua manowari. Mnamo 1865 ilituma kwa siri watu 19 kwenda London, chini ya majina bandia kwa kuwa kuondoka nchini lilikuwa kosa la kifo. Mdogo wao alikuwa na miaka 13. Mwingine, Mori Arinori, angekuwa waziri wa kwanza wa elimu wa Japani.

Mwaka wa 1866 Saigo na mwenzake wa tangu utotoni, Okubo Toshimichi, waliingia katika mapatano ya siri na milki ya Choshu, hasimu wao wa muda mrefu. Januari 1868 majeshi ya pande hizo yalilishinda jeshi la shogun nje ya Kyoto, ingawa yalikuwa machache kwa idadi. Edo ilisalimishwa bila kuchomwa, kwa mazungumzo ambayo Saigo aliyaongoza. Mamlaka yakarudishwa kwa jina la Mfalme Mkuu, kijana wa miaka 15, na Sekigahara ikawa imelipiziwa baada ya miaka 267.

Serikali mpya iligundua upesi kwamba haiwezi kujenga taifa ilhali kila bwana ana jeshi na hazina yake. Mnamo 1871 ilizivunja milki zote kwa amri moja, Satsuma ikiwemo. Hisamitsu, aliyedhani kwamba vijana wake walikuwa wakimtengenezea yeye nafasi ya shogun, alikesha usiku akirusha fataki katika bustani yake kwa hasira.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Mwaka wa 1873 kila kijana wa kiume, hata mwana wa mkulima, aliwajibika kuandikishwa jeshini. Mwaka wa 1876 samurai walikatazwa kubeba panga hadharani, na posho zao zikageuzwa kuwa hati za dhamana zenye thamani ndogo. Saigo alikuwa amekwisha kujiuzulu mwaka wa 1873, mpango wa kwenda Korea, uliohofiwa kuzusha vita, ulipokataliwa. Alirudi Kagoshima, na wafuasi wake wakafungua shule ambazo kwa kweli zilikuwa kambi. Mkoa ambao mtu mmoja kati ya wanne alikuwa samurai ulikuwa na mengi ya kupoteza kuliko wowote.

Mwishoni mwa Januari 1877 wanafunzi hao walivamia maghala ya baruti ya serikali. Februari Saigo akaondoka na watu takriban 13,000, theluji ikianguka, kuelekea Tokyo "kuuliza maswali". Hawakuvuka hata Kyushu. Ngome ya Kumamoto, iliyolindwa na askari wa kuandikishwa ambao samurai waliwaita wakulima tu, ilistahimili kuzingirwa kwa siku 50 hivi. Pande zote mbili zilipoteza zaidi ya watu 12,000. Mdogo wake Saigo, Tsugumichi, alibaki serikalini. Binamu yake Oyama Iwao alikuwa miongoni mwa makamanda wa upande wa pili. Okubo, aliyeendesha vita hivyo kutoka serikalini, aliuawa na samurai wenye kinyongo mwaka uliofuata.

Mwaka wa 1889 Saigo alisamehewa baada ya kifo, na tangu 1898 sanamu yake imesimama Tokyo katika bustani ya Ueno, akiwa na mbwa wake.

Kuna jambo moja lisilowekwa katika sanamu. Kati ya 1859 na 1862 Saigo aliishi uhamishoni Amami Oshima, akaoa mwanamke wa kisiwa hicho na kuona kwa macho yake taabu ya wakulima wa miwa. Mwana wao, Kikujiro, alipoteza mguu katika vita vya 1877 na baadaye akawa meya wa Kyoto. Lakini milki ilipovunjwa na ukiritimba wa sukari ukapaswa kufa nayo, wakuu wa Kagoshima waliunda kampuni ya kuendelea kununua sukari yote ya Amami, ili faida iwasaidie samurai waliopoteza posho. Saigo aliuunga mkono mpango huo.

Mapema mwaka wa 1877 zaidi ya wakazi 50 wa Amami walivuka bahari hadi Kagoshima kudai haki ya kumuuzia sukari yao wamtakaye. Walitiwa gerezani. Vita vilipozuka, baadhi yao walitolewa humo na kupelekwa vitani upande wa Saigo, na wengine hawakurudi. Kampuni ile ilivunjwa baada ya vita, na wakulima wa Amami wakaanza kujiuzia sukari wenyewe, ingawa haukupita muda mrefu kabla ya wafanyabiashara wa Kagoshima kuwatia katika madeni mapya.